Jani Haliozi, Linaliwa

Haya niliyasema Jumamosi iliyopita, Kasulu mjini, mbele ya wakulima wa maharage na kahawa, walimu wastaafu wenzangu na vijana wa kidato cha nne. Waliokosa kwa sababu ya mnada au msiba wameomba maandishi. Nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, maana hata pale ukumbini umeme ulikatika kwenye picha ya tatu na mazungumzo hayakupungukiwa na kitu.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, wanangu mlioko nyuma: mwakeye!

Hapana, nyuma sijawasikia. Mwakeye!

Haya, sasa tuko pamoja. Nianze na swali. Nani humu ndani amewahi kufagia majani chini ya mwembe? Nyoosheni mikono. Naona wote, hata mwenyekiti. Sasa jingine: nani amewahi kufagia msitu?

Mnacheka. Lakini fikirini. Mwembe mmoja tu nyumbani unamchosha binti wa watu kila asubuhi. Msituni kuna miti maelfu kwa maelfu, yote inaangusha majani, mwaka hadi mwaka, na hakuna ufagio. Yako wapi majani ya mwaka jana? Yako wapi yale yaliyoanguka mwaka aliozaliwa babu yako? Kwa hesabu ya kawaida, leo tungekuwa tunapita juu ya majani yaliyofika kwenye vilele vya miti.

Nilipouliza darasani, jibu lilikuwa moja: "Yameoza, mwalimu." Na mimi kwa miaka zaidi ya 30 niliweka alama ya vema na kusonga mbele. Leo nimekuja kuifuta vema ile. Jani haliozi, ndugu zangu. Jani linaliwa. Kuoza ni jina tunalolipa chakula cha wengine tusiowaona.

Mwezi wa 11 mwaka jana, mvua za kwanza ziliposhuka, nilizika vifuko viwili nyuma ya ukumbi huu, chini ya ule mparachichi. Kila kimoja nilikijaza majani makavu yenye uzito sawa, kwa mzani wa jikoni wa binti yangu. Kimoja nilikishona kwa chandarua chakavu, kingine kwa kipande cha wavu wa dagaa nilichopewa Ujiji. Kwa nini viwili? Tundu la chandarua ni dogo: linapitisha bakteria, kuvu na utitiri, basi. Wavu wa dagaa unapitisha na wenye miguu: mchwa, majongoo wachanga, nyungunyungu wembamba. Watafiti wa misitu wanatumia mbinu hii tangu miaka ya 1950. Tukimaliza hapa, tunakwenda kuvifukua pamoja. Jembe lile pale mlangoni.

Sasa tukae kwenye sinia. Jani likianguka, wa kwanza kulionja ni mvua. Inalilowesha na kutoa sukari, potasiamu na rangi, kama unavyotia majani ya chai kwenye maji. Ndiyo maana maji yaliyotuama kwenye majani msituni yana rangi ya chai ya rangi. Kisha wanakuja kuvu na bakteria, ambao baadhi yao walikwisha kaa juu ya jani likiwa bado mtini wakisubiri life. Kijiko kimoja cha chai cha udongo mzuri kinaweza kubeba bakteria bilioni moja. Tanzania nzima, watu wake wote, hatufiki hata sehemu ya kumi ya kijiko hicho.

Bakteria hana mdomo. Hana meno, hana tumbo. Anakulaje? Anatoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vinamenya jani palepale lilipo, halafu yeye ananyonya mchuzi. Anapika nje, anakunywa ndani. Na kama ilivyo kila penye sufuria, kuna wanaonusa: bakteria wengine hawatoi kimeng'enya chochote, wanakaa jirani na mpishi na kunyonya mchuzi wake. Hao tunawajua. Hata kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa wapo.

Kinacholiwa hasa ni selulosi, zile nyuzi zinazojenga jani. Nataka mlikumbuke hili mkirudi nyumbani: unga wa ugali na jani kavu vimejengwa kwa sukari ileile moja, glukosi. Tofauti ni namna vipande vilivyofungwa. Fundo la ugali tunalifungua sisi. Fundo la selulosi hatuliwezi, wao wanaliweza. Halafu kuna lignini, ile inayofanya mti uwe mgumu na mishipa ya jani ibaki kama mifupa ya samaki baada ya nyama kwisha. Hapo bakteria wengi wananawa mikono. Wanaobaki kwenye sinia ni kuvu, tena kuvu wa aina maalumu, na kimeng'enya chao cha kwanza cha kuvunja lignini kilitambuliwa mwaka 1983 tu. Mimi nilikuwa nimekwisha anza kufundisha wakati huo.

Na mchwa? Mchwa wetu wa vichuguu hafanyi kazi hiyo peke yake. Anakusanya majani na vijiti, anapeleka chini, analima kuvu juu yake, kisha anakula shambani kwake. Ule uyoga mnaoununua barabarani mvua zikianza, unaoota juu ya kichuguu, ni zao la shamba la mchwa lililochungulia nje.

Basi tumewajua walaji. Swali la pili: nani anapewa nafasi kwenye sinia, na nani anafukuzwa?

Hapa ndipo uchachu unapoingia. Mkulima anasema "udongo umechachuka," mtaalamu anasema pH iko chini. Ni jambo moja. Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark, na mnajua alikuwa anafanya kazi wapi? Kwenye maabara ya Carlsberg, kiwanda cha bia. Naona wazee wameamka. Maji safi yana 7. Ndimu iko 2 na ushee. Na kila ukishuka ngazi moja, uchachu unazidi mara 10. Kwa hiyo udongo wa 5 na udongo wa 7 hawatofautiani kwa mbili. Wanatofautiana mara 100.

Udongo unachachuka vipi? Mvua nyingi, miaka mingi, inaosha kalsiamu, magnesiamu na potasiamu na kuzipeleka mtoni. Zinabaki haidrojeni na aluminiamu. Mizizi nayo inatoa tindikali ikila, na majani yenyewe yakiliwa yanatoa tindikali. Ndiyo maana msitu wa mvua nyingi kwenye udongo wa zamani huwa mchachu. Haujaharibiwa na mtu, ni umri na mvua. Vilima vyetu vingi vyekundu vina habari hiyohiyo.

Sasa niwape hadithi ya shamba moja la Uingereza, mahali panaitwa Rothamsted. Katika karne ya 19 walimwaga chokaa kwenye shamba lao, lakini hawakuimwaga sawasawa: upande mmoja nyingi, wakipunguza kuelekea upande wa pili, hadi mwisho hakuna kabisa. Zaidi ya miaka 100 baadaye shamba lile lina udongo wa pH 8.3 upande mmoja na 4 upande mwingine, na kati yake hakuna hata mita 200. Shamba ni lile, mvua ni ile. Kilichobadilika ni uchachu peke yake. Watafiti wakapita na kupima nani anakua wapi. Wakaona kwamba ukitembea kutoka 8.3 kushuka hadi 4.5, ukuaji wa bakteria unapungua kama mara tano, na ukuaji wa kuvu unaongezeka kama mara tano. Chini ya 4.5 wote wawili wanalegea.

Mara tano, ndugu zangu! Kwenye kipande ambacho mtoto anakikimbia bila kuhema.

Na wala si kwamba kuvu anaupenda uchachu sana. Anafurahi kwamba jirani amepungua. Kwenye sinia lile kuna vita, na silaha zake baadhi yenu zimewaponya. Mwaka 1943, Marekani, kijana aitwaye Albert Schatz, akifanya kazi chini ya Selman Waksman, mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza mboji na viumbe wa udongo, alipata bakteria anayetoa sumu ya kuua bakteria wengine. Alimpata kwenye udongo wa shamba lililojazwa samadi, na ndugu yake yule bakteria akapatikana kwenye koo la kuku. Sumu ile ndiyo streptomaisini, dawa ya kwanza iliyotibu kifua kikuu. Wazee mnazikumbuka sindano zile, na mlivyokuwa mnakaa upande baada ya kuchomwa. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 alipewa Waksman peke yake. Kijana hakutajwa, ingawa kabla ya hapo walishafikishana mahakamani. Mimi jambo hilo linaniuma hadi leo, lakini tuendelee.

Kundi hilohilo la bakteria ndilo linalotoa harufu ya udongo mvua ya kwanza inapogonga vumbi. Mnaijua. Mnadhani ni harufu ya mvua, kumbe ni harufu yao. Lakini wao hawapendi uchachu mkali. Ukiingia kwenye msitu mchachu wenye unyevu, chota majani ya chini unuse: utasikia zaidi uyoga.

Je, bakteria wote wanakimbia uchachu? La. Wapo waliozaliwa nao. Mwaka 1991 Wajapani walimpa jina bakteria waliyempata kwenye maji machachu ya mgodi, na kutoka kwake kundi zima likaitwa asidobakteria. Baadaye, watu walipoanza kusoma vinasaba moja kwa moja kutoka udongoni, ikaonekana kundi hili limejaa kila mahali, na kadiri udongo unavyochachuka ndivyo linavyozidi kuwa sehemu kubwa ya wote. Mbona hawakuonekana miaka yote ile? Kwa sababu maabara iliwaandalia pilau. Bakteria wa udongoni wanaokubali kuota kwenye sahani za maabara ni kama mmoja kati ya 100, wale wenye haraka na wapenda shibe. Hawa wa uchachu wanataka uji mwepesi, sahani yenye uchachu wao, na wiki nyingi za kuachwa kimya. Wavumilivu waliosubiri ndio waliowaona. Vijana wangu, nyinyi mnaofuta video baada ya sekunde tatu, hapo nawatazama.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "udongo mchachu umekufa," mkatalie. Haujafa. Wakaaji wamebadilika, na wanaokula sasa wanakula polepole.

Nafika kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo. Kijana mmoja alinijia nyumbani usiku, kwa siri, akisema amegundua mafuta kwenye bonde la baba yake. Alikuwa ameshamwambia mchumba. Tukaenda asubuhi. Kweli, pembezoni mwa chemchemi kulikuwa na utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na chini yake tope la rangi ya kutu. Nikamwambia chukua kijiti, uchokoze. Utando ukapasuka vipande vipande kama kioo. Mafuta hayafanyi hivyo: ukiyachokoza yanazunguka na kujifunga tena. Pole yake, yalikuwa ni makao ya bakteria wa chuma.

Inakuwaje? Hewa ya oksijeni husafiri ndani ya maji taratibu sana, mara kama 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Udongo ukijaa maji, walaji wa kwanza wanamaliza oksijeni iliyopo, na mpya haifiki. Bakteria wenye kuihitaji wananyamaza. Kuvu, ambaye uchachu haukumtisha, maji yanamtoa. Wanabaki wanaoweza "kupumua" vitu vingine: nitrati, kisha chuma, kisha salfeti. Chuma cha udongo wetu mwekundu kikipumuliwa hivyo kinayeyuka, kinasafiri na maji, na kikifika chemchemini kwenye hewa, bakteria wengine wanakipokea na kukirudisha kuwa kutu. Yakiisha hayo yote wanafuata watoa gesi ya methani, ambao wala si bakteria kwa ukoo. Mapovu unayoyaona ukikanyaga tope la jaruba la mpunga, mengi ni kazi yao. Wavuvi nao wanajua habari ya maji yasiyo na hewa: ziwa letu la Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini hakuna anayetafuta dagaa huko chini.

Kwa hiyo weka vyote viwili pamoja, uchachu na maji yaliyotuama. Nini kinatokea kwa jani? Linakosa wa kulila.

Hilo si jambo la kubuni. Ng'ambo ya ziwa, mbali ndani ya bonde la Kongo, mwaka 2017 watafiti walitoa ramani ya msitu unaosimama ndani ya maji machachu: kilomita za mraba 145,500. Mkoa wetu wa Kigoma wote, pamoja na maji yake ya ziwa, unaingia humo mara tatu na nafasi inabaki. Chini ya msitu ule kuna mboji ya kinamasi, yaani majani na mizizi ambayo hayajaliwa, yamelundikana kwa miaka zaidi ya 10,000, na ndani yake kaboni inayokisiwa tani bilioni 30. Majani ya mwaka aliozaliwa babu yako niliyouliza? Kule yapo! Yamekaa juu ya majani ya babu wa babu wa babu yake. Siku maji yale yakikaushwa hewa itaingia, walaji wataamka na njaa ya miaka 10,000, na chote kile kitapanda juu kuwa hewa ukaa. Mkisikia ubishi kuhusu kukausha vinamasi, uwe wa kule Kongo au wa Malagarasi hapa kwetu, mjue kinachobishaniwa ni nini.

Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Msitu wenye hewa unaishi hivyo hasa: cha jana kimeshaliwa, kimeingia mzizini, kimekuwa jani jipya. Kinamasi kichachu ni mlafi anayeweka kiporo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme ya shamba haraka haraka.

Mama mmoja jirani yangu, yuko humu na ameniruhusu, alifukia mabua ya mahindi leo na kupanda maharage kesho. Maharage yakawa ya njano. Akamlaumu muuza mbegu, kisha akaanza kumtazama jirani kwa jicho la pembeni. Jirani ni mimi! Mama, mabua yana kaboni kama 60 kwa nitrojeni 1. Mwili wa bakteria unataka kaboni 5 hivi kwa nitrojeni 1. Umewapa ugali mwingi bila mboga, wakaenda kuchota mboga kwenye udongo, na maharage yako yakalala njaa. Yaache mabua juu kama matandazo, au yafukie na samadi, au yatangulize miezi miwili kabla ya mbegu.

Pili, ng'oa shina la maharage linapotoa maua, pasua vinundu vya mizizini. Ndani ni vya rangi ya waridi? Bakteria wanakutengenezea nitrojeni bure. Vyeupe, au hakuna kabisa? Mara nyingi hapo uchachu umewashinda. Muhogo na nanasi huvumilia uchachu, maharage hulalamika. Pima udongo kwanza, kisha tia chokaa ya kilimo, si ile ya kupaka ukuta. Majivu nayo yanasaidia, lakini ukichoma mabiwi ili upate majivu, nitrojeni yote karibu inaondoka na moshi. Na usichanganye majivu na samadi kwenye toroli moja. Ile harufu inayokukaba pua ni nitrojeni inakuaga.

Sasa jembe. Twendeni nyuma.

Kwa ambao hamkuwepo: tulifukua mbele ya watu wote. Kifuko cha wavu wa dagaa kilikuwa na mishipa ya majani tu, pamoja na jongoo mmoja aliyejikunja ambaye watoto walimchukua. Kifuko cha chandarua, ambacho nilikuwa nimewaahidi kwamba kina majani yanayotambulika, kilikuwa na udongo mtupu. Mchwa walikuwa wametoboa chandarua kwenye mshono, wakabeba majani yote, wakajaza tope mahali pake, kwa unadhifu kabisa, hadi kwenye pembe. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akakaa chini. Nimeshona kingine, safari hii kwa wavu wa waya wa dirishani, na kimeshazikwa upande wa pili wa mparachichi.